Kioo cha Upande wa Dereva

Mwanangu Swaleh,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Saa hizi uko Makupa unawaaga wenzako wa gereji, na bila shaka Mzee Karisa ameshakujaza chai na mahamri, kwa hivyo chakula changu utakirambaramba tu. Hali yangu nitakwambia. Nimekaa kwenye kitanda chako, sanduku lako liko wazi miguuni pangu, na tangu adhana ya adhuhuri nimeandika jina lako peke yake.

Sitakuandikia mambo ya kula na kuvaa. Miaka ishirini nimeyasema, na kama hayakuingia hapa hayataingia Maskati. Nina jambo moja tu, na nalitanguliza kabla sijaingiwa na woga nikaanza kukusimulia habari za majirani.

Kile kioo cha gari la babako hukukiacha wazi wewe. Nilikiacha mimi.

Isome tena ukitaka. Wewe hukufanya lolote. Umelibeba kosa hilo tangu una miaka kumi na minne, na mimi nikikutazama ukilibeba huku nakupakulia wali. Kesho unaondoka, na ninaogopa kwamba ukishajua hutataka kurudi katika nyumba hii maadamu mimi nimo ndani yake. Hofu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo miaka sita, na ningali nayo hata sasa. Nakwambia ili usidhani naandika kwa ushujaa.

Nikueleze ilivyokuwa.

Gari lile lilikuwa kuukuu tangu siku babako alipolinunua. Mzungu mmoja wa bandarini alikuwa akirudi kwao, akamuuzia, na babako akaja nalo uso umemng'aa utadhani kaokota lulu. Gari la Kiingereza, jeupe, pua ya mviringo, nikeli mbele na nyuma. Siku za kazi lililala bandani naye akaenda Kilindini kwa miguu kwenye ukarani wake. Jumamosi na Jumapili lilikuwa gari la maharusi. Hapa Mji wa Kale hapakuwa na bibi arusi wa rika fulani ambaye hakulipanda, na watu wakaliita Bi Arusi, jina likashika. Wewe ulikuwa mdogo, lakini huenda unakumbuka jinsi lilivyokuwa likisimama pale uwanjani njia inapokuwa nyembamba, wanawake wakatandaza kanga juu kama paa, bibi arusi akashuka chini yake akamalizia kwa miguu hadi kwao. Babako alibaki nyuma ya usukani, macho mbele, shingo hageuzi. Alisema mwanamume anayemgeukia bibi arusi wa mwenzake hana haki ya kuwa dereva wake.

Kila alipovuka feri ya Likoni alirudi akaliosha chini kwa chini kwa maji ya mfereji, kwa sababu ya chumvi. Akilala kwenye gunia na ndoo ubavuni, anasugua mahali ambapo hakuna mtu angeona. Siku moja nikamsimamia mlangoni nikamuuliza, "Hebu nambie, mimi ni mke mkubwa au mdogo?"

Akatoa kichwa chini ya gari. "Mkubwa ni wewe. Lakini huyu hanigombezi."

Nilimtupia kitambaa cha vyombo. Nilikuwa na wivu kidogo, na leo naona haya kukwambia kwamba nilimwonea wivu gari.

Alianguka akiwa kazini, siku ya Jumatano, akaletwa nyumbani amefunikwa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Wakati wanaume wanamtoa kwenda kumzika, mimi nilikuwa ndani na wanawake, sikujua uko wapi. Ami yako Bakari ndiye aliyekukuta umekaa kiti cha dereva, mikono miwili kwenye usukani. Alikuuliza wafanya nini humo, ukamwambia unamngoja babako. Alinisimulia mwenyewe, na siku hiyo alilia kama mtoto. Shika hili, maana huyo Bakari utamkuta tena mbele katika barua hii akiwa si huyo.

Siku ya tatu Mzee Karisa alikuja na turubali. Babako alimpenda Karisa kuliko ndugu zake wengine, ingawa mmoja alikuwa wa msikitini na mwingine wa kanisani. Akalifunika gari, akalifunga kamba chini kwa ustadi wa watu wa malori, kisha akaja kusimama nyuma ya pazia akaniambia, "Mama Swaleh, kila wiki mtu alifunue lipate hewa, aliwashe kidogo. Likifungiwa vile moja kwa moja, jasho lake lenyewe litalioza." Nikaitika. Nilikuwa nikiitikia kila kitu siku zile.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, unajua. Nyeupe mwilini, manukato hakuna, mlangoni sitoki. Nilikubali kwa moyo wote, sikuwa na mahali nilipotaka kwenda. Lakini nguo za babako tulizitoa sadaka, kanzu zote, makoti, mpaka kikoi cha kulalia. Ndivyo inavyotakikana, na maskini wa Majengo walizivaa wakamwombea. Mimi siku moja nikafungua kabati nikatia kichwa ndani nikavuta pumzi, nikasikia harufu ya dawa ya nondo tu. Harufu ya mume wangu ilikuwa imetoka nyumbani pamoja na nguo. Nikatoka kabatini nikakumbuka gari.

Kutoka mlango wetu wa nyuma mpaka lile banda la mabati ni hatua kumi na mbili, na unakatiza kichochoro ambacho majirani hupita. Nilijiambia hatua kumi na mbili si kutoka. Kisha nikajifunika kanga mbili gubigubi nikaenda mbio, basi moyoni nilijua wazi kwamba ni kutoka. Ilikuwa baada ya adhuhuri, bibi yako kalala, wewe uko chuo cha Kurani, mtaa mzima umefunga madirisha kwa joto. Nililegeza kamba upande wa dereva, nikapenyeza mwili chini ya turubali, nikafungua mlango, nikakaa.

Swaleh, alikuwa mle. Mafuta yake ya nywele kwenye kile kitambaa cha kiti, petroli, karafuu alizokuwa akitafuna. Nilikaa nikalia kwa sauti, jambo ambalo mbele ya wageni sikulifanya hata mara moja. Kesho yake nikarudi. Sikuhesabu nilikwenda mara ngapi. Chini ya turubali joto lilikuwa la kuivisha mkate, ndipo nikawa nashusha kioo kidogo, vidole vitatu, nipate kupumua.

Siku ya mwisho nilisikia sauti za wanawake kichochoroni. Nilizijua ni za nani, na nilijua zitasema nini wakimwona mjane mwenye eda anachomoka bandani mchana kweupe, nguo zimemkunjika. Nikashika ule mkono wa kupandishia kioo nikauzungusha kwa nguvu zangu zote. Kitu kikasagika ndani ya mlango, na mkono ukawa unazunguka bure. Kioo hakikupanda. Nikangoja sauti zipite, nikatoka, nikaikaza kamba kwa fundo la kufungia mzigo wa kuni, maana ndilo ninalolijua. Nikasema kesho nitatafuta namna.

Sikurudi tena. Namna ya kutafuta ilikuwa moja tu, kumwambia Mzee Karisa aje atengeneze, na yeye angeuliza nani alikivunja, na lini. Eda ikaisha, na bado siku ya kukivunja ingekuwa ndani ya eda. Basi nikaanza kuwakatalia watu. Mtu akija kusema tuliwashe, namwambia mwacheni marehemu apumzike na mali yake muiache. Mara ya kwanza nilisema kwa hofu. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ya mjane mwema, na wanawake wakatikisa vichwa wakanisifu kwa mapenzi niliyonayo kwa mume wangu. Mapenzi nilikuwa nayo, wallahi. Lakini nilichokuwa nalinda ni kioo.

Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita. Mabati ya banda yalitoboka juu, maji yakajaa katika turubali pale lilipobonyea, yakatafuta ile kona niliyoifunga vibaya, yakapata vidole vitatu vya nafasi. Na yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea.

Halafu ami yako akaja kulitaka gari kwa arusi ya bintiye. Hiyo siku unaikumbuka wewe kuliko mimi, lakini niache niiseme nilivyoiona kutoka mlango wa nyuma. Alilivuta turubali, na harufu iliyotoka ikanifikia pale niliposimama. Mlango ulipofunguliwa ulilia, ukashuka, ukaning'inia kwa bawaba moja. Kiti kilikuwa kimeota ukungu. Chini ya miguu ya dereva ungeweza kuona mchanga wa bandani. Bakari akaanza kuzunguka, anagusa hapa, anagusa pale, kutu inamjaa mkononi. Alipofika kwenye kioo akasimama.

"Nani aliyewata kioo wazi?"

Akakugeukia.

"Wewe ndiwe niliyekutoa humu siku ya mazishi. Ulishusha kioo?"

"Sikumbuki, ami."

"Kumbuka!"

"Labda ni mimi. Labda nalikishusha."

Kofi lile nililisikia, na mpaka leo lipo masikioni. Akasema umekula mali ya babako, akasema gari lililobeba maharusi wa mji mzima limeliwa na mtoto mmoja asiyejua kufunga kioo. Nilikuwa na sekunde moja. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, Swaleh, na neno lilikuwa mle ndani. Lakini pale kichochoroni walishasimama watu watano, sita, na wawili kati yao ni wale wanawake wa siku ile.

Nikasema, "Ni mtoto, Bakari. Msamehe."

Nikakuombea msamaha kwa kosa langu. Na wewe ukanitazama kwa shukrani. Jioni ulikuja ukanibusu mkono ukasema, "Mama, nisamehe kwa gari la baba," nami nikakwambia nimekusamehe.

Kama kuna siku Mungu atanisimamisha aniulize, naamini ataanzia hapo.

Nilijipa ahadi kwamba nitakwambia ukikua kidogo. Ukakua, na kosa likakua nawe. Ulikuwa mtoto wa kuchekacheka, ukaanza kukagua makufuli. Unakumbuka? Kila ukilala ulikuwa umeshazunguka kufunga madirisha, mara mbili, mara tatu. Bibi yako alikutania kwamba umeajiriwa ulinzi. Nikacheka naye. Halafu ukaacha shule kidato cha pili, walimu wanalalamika, ukaja ukasimama mbele yangu na fulana imejaa jasho ukaniambia unataka kwenda kwa Mzee Karisa ujifunze ufundi, umrudishie babako gari lake. Watu waliposikia walisema mtoto kama huyu hazaliwi kila siku. Nikakuruhusu. Nilikuwa na njia ya kukuzuia kwa sentensi moja, nikakushonea mfuko wa kutilia spana.

Jumapili zako zote zilikwenda bandani. Umekata mabati, umechomelea sakafu kiraka kwa kiraka, umepaka rangi ya kuzuia kutu, na kila mwaka kutu inatokea upande wa pili wa kiraka. Ungetoka umepakaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, unasema, "Kioo kingekuwa kimefungwa, Mama, sakafu ingekuwapo." Hukusema kwa kulalamika. Ulisema kama fundi anavyotaja sababu. Na mimi nakupa maji ya kunawa.

Haya ya mwezi uliopita ni mabichi. Mwenye nyumba alipotaka banda livunjwe, nilidhani utapigana naye. Ulilizunguka gari siku mbili, kisha ukasema gari halitatengenezeka, lakini halitatupwa zima. Kilicho hai ndani yake utakitoa. Mlipotia jeki ubavuni, jeki lilipanda, gari halikupanda. Jeki lilipenya chuma likatokea kwenye zulia. Mzee Karisa alivua kofia. Wewe ulilala chini vilevile alivyokuwa akilala babako, ukaanza na nati za injini. Nilikuwa nikitazama dirishani. Siku mbili umezidondoshea mafuta ya taa na mafuta ya breki, hazisikii. Ukazipasha moto moja baada ya moja, kila moja ukaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikazama kwenye njia za nati, ukangoja, ukatia spana taratibu, ukanong'ona nayo. Ilipolia na kuzunguka ulicheka peke yako chini ya gari. Sijawahi kusikia kicheko chako namna ile tangu una miaka kumi na miwili.

Nilishuka kusaidia, kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Hukuniuliza kwa nini sasa. Ulinipa vitasa na nikeli za bampa, nikakaa kwenye kigoda nikazisugua kwa ndimu na majivu kama ninavyosugua sinia zangu, na chini ya ule uchafu uso wangu ukajitokeza. Kabureta ilipona. Rejeta ya shaba ilipona, taa mbili za mbele, usukani, saa ya dashibodi ambayo hata babako hakuiona ikitembea. Sakafu hapakuwa nayo. Viraka vyako tu ndivyo vilivyobaki, vizima, vya chuma kizuri, na pembeni yake hakuna kitu cha kushikia. Nilivihesabu nikaona ni Jumapili zako zile.

Kisha ukatoa kiti cha dereva, ambacho miaka yote hukuwahi kukigusa. Springi zilivunjika mkononi kama biskuti, na chini yake ukaokota tasbihi. Ukaja nayo umeishika kwa mikono miwili, umeipangusa kwa shati lako.

"Mama, tasbihi ya baba hii."

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiivuta nilipokuwa nimekaa mle, na siku ya sauti za wanawake iliniponyoka. Ulipoinyoosha kwangu macho yamekujaa machozi, nikaona Mungu amenifungulia mlango mwingine kwa mkono wako mwenyewe. Nikaipokea. Nikasema, "Allah amrehemu." Nikaingia nayo ndani.

Sasa unajua kwa nini siku ile sikuweza kula.

Mlango wa dereva ulikuwa wa mwisho. Ulikuwa umekwenda na mkokoteni Makupa, unasukuma chuma chakavu, kwa kuwa gari lililooza vile haliwezi kutoka zima, linatoka vipande vipande. Mzee Karisa alibaki, akaegemeza mlango kwenye ngazi ya nyuma, akaufungua tumboni aone kama kioo kitasalimika kwa yule bwana wa Kizingo mwenye gari kama letu, aliyechukua injini. Akatoa kile kigurudumu cha meno kinachopandisha kioo. Akakitazama sana, akakigeuza juani.

"Haya meno yamelika upande mmoja," akasema. "Mtu alikuwa akipandisha, si kushusha. Tena ana haraka."

Nikaendelea kusugua kitasa.

"Mtoto anayemlilia babake ndani ya gari, haraka ya nini?"

Karisa ni mzee wa Kigiriama, ana adabu yake, hamkodolei macho mke wa rafiki yake. Akakifunga kile kigurudumu katika karatasi, akakitia mfukoni, akanawa mikono kwenye ndoo. Alipokuwa akichukua begi lake akaniambia, "Mama Swaleh, gari limekwisha. Kijana bado yupo."

Akaenda zake. Hakukwambia, maana ningejua usoni pako. Aliniachia mimi.

Na hapa, mwanangu, kuna mambo machache niliyoyapata kwa ubaya wangu, nawe ufanye nayo utakavyo. Nilidhani nilificha ili watu wasinicheke. Wale wanawake wa kichochoroni, mmoja alikwisha kufa na mwingine amehamia Kisauni. Nikikutana naye tunaulizana bei ya nazi. Ndio hao niliokutoa wewe kafara kwa ajili yao. Nilidhani pia kwamba kunyamaza ni kukaa pale pale ulipo. Siyo hivyo kwangu. Kila mwaka ilibidi nifanye jambo jipya ili kunyamaza kuendelee: kukusamehe, kukuruhusu, kukushonea mfuko, kupokea tasbihi. Kosa la kwanza lilikuwa la mwanamke mwenye huzuni na joto, na naamini Mungu analielewa. Hayo mengine niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Vijana wenzako wa miaka hii ya tisini wanakimbilia Arabuni kutafuta maisha, nawe unakwenda kwenye gereji, fundi hodari, kila mtu anakusifia mikono. Mimi sijui kama ufundi huo umeupenda au umeufanya kwa adhabu. Ulipenda kuchora. Ulikuwa na daftari la majumba ya mtaa huu, milango na nakshi zake, ua kwa ua. Liliishia wapi? Sikuuliza. Ukifika huko ukaona spana zinakupendeza, alhamdulillahi, zishike, ni zako. Ukiona hazikupendezi, ziweke chini siku hiyohiyo. Babako hakukudai gari. Huna cha kumrudishia, wala hukumharibia kitu.

Jana, nilipokwambia naenda kununua kunde, nilikwenda kwa ami yako Bakari. Nilimwambia yote, eda, kioo, tasbihi. Nilidhani atapiga kelele, unamjua. Aliiacha kahawa ikapoa. Halafu akauangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza juu chini, akasema, "Nami nalimpiga kwa huu." Atakuja leo baada ya magharibi. Anataka kukuomba radhi mwenyewe, na nilimwambia huenda usimpe, wala mimi huenda usinipe, na sote wawili tutakuwa tumestahili.

Hii barua nilikusudia kuificha sandukuni chini ya mashati. Uifungue Maskati, siku tatu nne baadaye, bahari katikati, hasira zako zinifikie zimepoa au zisinifikie kabisa. Ndiyo maana nimekaa hapa na sanduku wazi. Nimenyanyua mashati mara tatu. Kila nikinyanyua naona ninafanya lilelile la bandani, nafunga kamba na kukimbia. Ungeisoma peke yako katika chumba cha wageni, huna wa kumfokea, huna mlango wa kuubamiza, na mimi huku nakunywa chai.

Hapana. Nitakupa mkononi, leo, mchana huu. Ndege yako ni kesho asubuhi. Una saa zote hizo za kunikasirikia usoni pangu. Ukitaka kulala kwa Mzee Karisa nenda, sanduku nitakuletea. Ukitaka nisije uwanja wa ndege, sema, sitakuja. Ukitaka kukaa na kuniuliza, nitajibu kila swali, hata ukiuliza moja mara kumi. Sikuombi unisamehe. Niliwahi kukusamehe bure, na nimeona jinsi neno hilo linavyoweza kutumiwa vibaya.

Nakupenda. Nilikupenda pia siku ya kofi, na hilo ndilo ambalo sijui nikuelezeje.

Mlango wa chini umefunguliwa. Ni wewe, unapanda ngazi mbili mbili, unaita Mama, Mama uko wapi. Nimekuitikia. Karatasi ya mwisho haijakauka wino, na sitaikunja.

Mamako